Udongo Mweupe wa Kando ya Shimo

Juzi mafundi walikuwa wakichimba shimo la choo kwa jirani yangu, na walipomaliza udongo mwekundu wakaukuta ule mwingine wa chini, wa kijivu, unaong'ang'ania kwenye sepetu. Mmoja wao akautupa juu ya ukingo, karibu kabisa na uzio wangu. Mimi nilikuwa naanika nguo. Harufu iliponifikia nikaiachia kanga niliyoishika, nikakaa chini palepale kwenye majani, mtu mzima mwenye wajukuu. Fundi akaniuliza, "Bibi, vipi, presha?" Nikamjibu ndiyo, presha. Ningemwambia nini? Kwamba udongo ule kwangu unanukia mtu anayepigwa?

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku kwenye baridi mnajua udongo ulivyokuwa kwetu. Tulilala juu yake na tulikandikia nyumba. Tulipikia, tukanywea, tukahifadhia mbegu za ulezi humohumo. Sufuria ilikuwa kitu cha nyumbani kwa mwalimu, na plastiki hatukuwa na habari nayo. Mtoto akiteguka mguu alipakwa udongo, na nyuki wakimuuma alipakwa udongo. Nyumbani kwetu, zaidi ya hayo, udongo ulikuwa na mwenyewe, naye alikuwa Bibi.

Bibi, mama mzazi wa Baba, alikuwa mfinyanzi. Tulikaa upande wa Lyamkena, nje ya Makambako, siku ambazo hapakuwa na mji, ila nyumba chache za nyasi kwenye mteremko, na chini yake bonde lenye vinyungu, zile bustani za majimaji tunazolima kiangazi. Kwenye kona ya bonde ndiko lilikokuwa shimo la Bibi. Hakuna mwanamke aliyechimba pale bila kumwomba. Udongo wa katikati ulikuwa wa kijivu, wa vyungu. Wa kando, karibu na mizizi ya matete, ulikuwa mweupe na laini kama unga, nao Bibi aliutumia kupaka ukuta wa mbele wa nyumba. Miaka ya nyuma ukingo wa shimo hilo uliporomoka ukamfunika mwanamke mmoja akichimba, wakamtoa amekufa, kinywa kimejaa udongo. Bibi alinisimulia habari hiyo mara nyingi na kuongezea la kwake: kwamba yule mwanamke hajaondoka, anavuta miguu ya watoto wanaokwenda shimoni peke yao.

Bibi hakuwa mtu wa kubembeleza. Udongo ukifika nyumbani aliumwaga juu ya jiwe bapa, akauponda kwa mchi, akatoa mizizi na changarawe, akauchanganya na vigae vilivyosagwa, kisha akaanza kuupiga. Aliuinua juu ya kichwa akaubwaga, akauinua tena akaubwaga, mpaka jasho likamdondoka puani. "Ukiuonea huruma utakupasukia motoni," aliniambia. Na kweli, siku za kuchoma nilisikia vyungu vikilipuka ndani ya moto wa nyasi na magome kama bunduki, na kila kilicholipuka kilikuwa na mtu wa kulaumiwa. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mama mdogo Rahel. Kibao cha kulainishia vyungu hakikutoka mkononi mwa Bibi, na kisogo cha Rahel hakikuwa mbali.

Rahel alikuwa mke wa baba mdogo Anania, mdogo wake Baba wa tumbo moja. Alikuja kwetu akiwa msichana mwenye miguu mirefu na kicheko cha kujizuia, na mimi, niliyekuwa mtoto pekee wa nyumba ile, nilimganda kama kupe. Alinifundisha kufinyanga ng'ombe wadogo na kuwatoboa pua kwa mwiba. Bibi aliwakanyaga alipowaona, kwa sababu udongo wake haukuwa wa kuchezea.

Baba alikuwa tarishi wa jumbe. Alivaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, miguu mitupu, na kiunoni kiboko cha ngozi ambacho nyumbani kilitundikwa kwenye kigingi juu ya mlango. Kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kukipaka mafuta ya kondoo kisikauke. Niliifanya kwa majivuno. Watu walioshindwa kodi, watu waliokimbia kazi ya barabara, Baba aliwaleta kwa jumbe, na wengine niliwaona wakilazwa kifudifudi pale uwanjani. Nilimuuliza kwa nini anawapiga. "Ili waseme kweli," alinijibu. Basi nikaamini kwamba kweli inakaa mgongoni, chini ya ngozi, na kwamba Baba anawasaidia kuitoa.

Ulikuwa wakati wa vita ya wazungu. Serikali ilitaka watu wa mkonge, na kila jumbe alipewa idadi yake. Mimi nilidhani Mkonge ni jina la mtu, mfalme fulani wa huko Tanga asiyeshiba watu. Jumbe wetu alitakiwa kutoa sita. Baba alizunguka siku tatu akapata watano, wengine wakakimbilia misituni. Siku ya nne alirudi nyumbani, akamkuta mdogo wake anatengeneza zizi, akamwambia avae shati.

"Kaka, mimi nimeoa majuzi tu," Anania alisema.

"Ni mwaka mmoja. Vaa shati."

Tulikwenda wote mpaka Makambako kumsindikiza, mimi nikifurahia kuliona lori. Mmoja wa wale sita aliruka chini lori lilipowashwa. Baba alimkamata kabla hajafika kwenye majani, akamchapa mgongoni, miguuni, usoni, mpaka yule mtu akapanda mwenyewe kwa magoti. Anania alikuwa amekaa juu ya lori akiangalia. Hakupunga mkono. Rahel alikimbia nyuma ya lori katika vumbi mpaka Mama akamfuata na kumrudisha amemshika kiuno.

Mwaka ulipita, msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukaja ukaenda, ukaja mwingine, na Anania hakurudi wala kuleta barua. Rahel akabaki mikononi mwa Bibi, anachimba, anabeba, anaponda, anapigwa.

Ndipo nilipomwona anakula udongo. Tulikuwa shimoni sisi wawili, siku ya soko, Bibi amekwenda kuuza vyungu. Rahel alifikicha bonge la udongo mweupe wa kando, akalitia mdomoni, akafumba macho. Nilimsikia anatafuna.

"Mama mdogo, unakula nini?"

Alishtuka. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Naonja tu."

"Ni mtamu?"

"Una ladha ya mvua." Kisha akanishika mabega. "Tabita, usimwambie mtu. Hata mama yako."

Sikusema. Lakini nilianza kumchunguza. Nilimwona akitapika nyuma ya nyumba asubuhi. Nilimwona akikwangua kwa kucha ukuta ule mweupe wa mbele, mpaka pakawa na shimo la ukubwa wa kikombe. Na nilijua, kwa akili yangu, sababu ni nini: mama mdogo ana njaa. Bibi alikuwa na tabia ya kumkatia ugali mdogo kuliko wote, na nyama alimpa ya shingo. Mtu mwenye aibu hawezi kusema ana njaa, ndiyo maana aliniomba nikae kimya. Nikawa namletea mwenyewe. Kila niliposhuka bondeni na wakubwa nilirudi na bonge la udongo mweupe ndani ya nguo, nikamwekea chini ya kitanda chake. Alinikumbatia mara moja kwa ajili ya bonge moja, akalia, nami nikafurahi kuwa namlisha.

Jumapili moja tulitoka kanisani, na Bibi akachinja kuku. Baba alikula nje barazani, sisi wanawake jikoni: Bibi, Mama, Rahel na mimi. Bibi aligawa. Paja akampa Mama, mimi akanipa firigisi, na Rahel akamwekea shingo na kipande cha ngozi. Nilimtazama mama mdogo. Uso wake ulikuwa umekonda, macho makubwa. Moyo wangu ulijaa nikashindwa kuvumilia.

"Bibi," nilisema, "mwongezee mama mdogo. Ana njaa sana mpaka anakula udongo."

Mikono yote ilisimama. Mama alinigusa goti kwa nguvu. "Nyamaza," alinong'ona. Lakini Bibi alinigeukia kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Udongo upi, mjukuu wangu?"

"Ule mweupe wa kando ya shimo."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi yanapaliliwa." Nilijisikia mkubwa kwa kuulizwa. "Na anatapika."

Bibi aliweka mfupa wake chini. Akanyoosha mkono, akaivuta kaniki ya Rahel kifuani ikafunguka, akambonyeza tumboni kwa vidole vile vilivyojua unene wa kila chungu. Rahel hakujitetea. Alikuwa amefumba macho kama siku ile shimoni.

"Yeremia!" Bibi aliita. "Yeremia, njoo. Kuna mgeni kwenye nyumba ya mdogo wako."

Nilitazama mlangoni nione huyo mgeni. Akaingia Baba, anajifuta mikono. Mambo mengine yalikwenda haraka. Bibi alimkamata Rahel nywele akamtoa nje, mpaka uwanjani ambako vyungu vibichi vilikuwa vimepangwa vikikauka, vinasubiri kuchomwa Jumatatu. Alimpiga kwa kibao, mdomoni kwanza. Baba akakiangua kiboko kutoka kwenye kigingi. Kilikuwa kinang'aa. Nilikuwa nimekipaka mafuta jana yake.

"Taja," Baba alisema.

Rahel alipiga magoti akakunja mikono yote miwili tumboni, akaacha mgongo.

Sitaki kusimulia yote. Nitasema tu kwamba kiboko kina sauti mbili, ya hewani na ya mwilini, na kwamba ya pili ilifanana kabisa na sauti ya Bibi akibwaga udongo kwenye jiwe. Kaniki ilichanika, kisha ngozi ikachanika. Baba hakuwa na hasira mwanzoni. Alimpiga kama alivyowapiga wa kodi, anapumzika, anauliza.

"Taja jina. Mume wako yuko Tanga. Nani?"

"Shemeji, mtoto ni wa nyumba hii," Rahel alisema.

Baba alisimama, kiboko kikiwa juu. Mama, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akamtazama Baba. Bibi naye akamtazama. Katika nyumba hii mwanamume alikuwa mmoja tu.

"Unasema nini wewe?"

"Ni wa nyumba hii. Sitasema zaidi."

Hapo ndipo hasira ilipomjia. Alimpiga teke la ubavu akaanguka, akamgeuza kwa mguu, akampiga kichwani kwa ngumi na kwa mpini wa kiboko. "Sema siyo mimi! Sema mbele ya mke wangu siyo mimi!" Mama alipiga yowe, akamrukia mkono, akasukumwa akaangukia kwenye vyungu. Rahel alitema damu na jino, na bado hakusema.

Mimi nilielewa jambo moja: anapigwa kwa sababu ya udongo. Udongo ni wa Bibi, mama mdogo ameuiba, na mimi ndiye niliyemletea. Nikapiga kelele, "Ni mimi! Nilimpa mimi!" Hakuna aliyenisikia. Basi nikawaza kwamba nikiurudisha watamwacha. Nikashuka mteremko mbio, nikaanguka mara mbili, nikafika shimoni peke yangu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilipiga magoti kwenye matete nikaanza kuchimbua udongo mweupe kwa vidole.

Ndani ya shimo kitu kikajitikisa. Kiliinuka kutoka kwenye maji machafu, cha kijivu kizima, kichwa, mabega, mikono, hakina uso ila macho mawili. Nilijua ni yule mwanamke aliyefunikwa. Nilijikojolea.

"Tabita," kile kitu kikaniita.

Kilikuwa na sauti ya kiume.

"Tabita, usiogope. Mimi baba yako mdogo. Nilisikia miguu nikajificha. Mama mdogo wako yuko wapi? Mbona hakuja leo?"

Nikamwambia: "Baba anampiga. Amekula udongo."

Nimewahi kumwona mnyama akipigwa risasi baadaye katika maisha yangu. Anania alikaa hivyohivyo kwa muda wa pumzi moja. Kisha akapanda ukingo, akang'oa mpini kwenye jembe la kuchimbia lililokuwa limelazwa pale, akapanda mteremko. Nilimfuata na bonge langu kifuani.

Tulipofika Baba alikuwa bado juu ya Rahel. Anania alimpiga mpini wa kwanza mabegani, Baba akageuka akaona mtu wa udongo, na nadhani kwa kitambo hata yeye, tarishi wa jumbe, alidhani amejiwa na mzimu. Kisha akarusha kiboko, kikampasua Anania kwenye nyusi, damu ikachora mstari mwekundu juu ya kijivu. Wakashikana. Waliangukia vyungu, wakaviringika juu yake, mitungi, vikaango, vyungu vya pombe, kazi ya majuma matatu, vikivunjika kama maganda ya mayai. "Vyungu vyangu!" Bibi alipiga kelele. "Jamani, vyungu vyangu!" Baba alimng'ata yule mtu sikio. Mtu yule alimkaba, akajinasua, akasimama, na Baba alipoinua mkono wa kulia kujikinga mpini ukashuka juu yake. Nilisikia mfupa ukikatika.

Akauinua mpini tena, safari hii juu ya kichwa.

"Anania, basi."

Ilikuwa sauti ya Rahel. Alikuwa amelala kwenye vigae, jicho moja limefumba. "Basi, Anania. Ni ndugu yako."

Bibi alinyamaza katikati ya yowe. Alimsogelea yule mtu, akamfuta shavu kwa kiganja, na chini ya udongo akatokea mwanawe.

"Mwanangu. Ulikuwa wapi?"

"Kwenye shimo lako, Mama," Anania alisema. Alikuwa anahema. "Miezi mitano naja kwenye shimo lako kila Jumapili kumwona mke wangu. Siku nyingine nafyatua matofali kwa Mgiriki huko njia ya Makambako, kwa jina la mtu mwingine."

"Kwa nini hukuja nyumbani?"

Anania alimwonyesha Baba kwa mpini. "Ningekuja nyumbani kwa nani? Kwa huyu? Nyapara alinipiga nikamrudishia, akapoteza jicho. Nikatoroka. Karatasi ya kunikamata ikija itakuja kwake. Mwulize, Mama. Mwulize angenificha?"

Sote tulimtazama Baba. Alikuwa amekaa chini, mkono umening'inia vibaya, uso umekuwa wa majivu. Akasema, polepole, "Karatasi ilikuja zamani. Natakiwa nikupeleke boma."

"Haya, nipeleke. Inuka."

Baba alijaribu kuinuka. Kweli alijaribu, Mungu ni shahidi. Alijiegemeza kwa mkono mzima, akafika magotini, akatapika.

"Ulitakiwa watu sita ukapata watano," Anania alimwambia. "Ukamalizia na mimi. Na leo ulitaka kumalizia na mwanangu."

Hakungoja jibu. Alimbeba Rahel mgongoni kama mtoto. Mama alikwisha kuingia ndani, akatoka na blanketi letu na unga kwenye kibuyu, akawafungia. Bibi alisema wangoje, amkande mkwewe kwa maji ya moto. Rahel alitikisa kichwa. Walipopita mbele yangu nilimnyooshea lile bonge jeupe, kwa sababu bado nilikuwa nimelishika na sikujua la kufanya nalo. Alilitazama. Anania aliusukuma mkono wangu, si kwa ubaya, wakashuka bondeni na ukungu wa mchana ukawameza.

Jioni ile Bibi alimfunga Baba mkono. Aliuvuta mfupa mpaka ukakaa, Baba akilia waziwazi, akauzungushia vipande vya mianzi, na juu yake akakandika udongo wa kijivu. Alifanya kazi yote bila kumtazama usoni. Alipomaliza akamwuliza, "Utasema nani kakuvunja?"



Siku ya tatu karani wa jumbe alikuja kuuliza kwa nini tarishi haonekani kazini. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni. "Kamwene," alibisha, akakaribishwa kiti. Aliutazama mkono, akatazama uwanja ambao bado ulikuwa na vigae, akautazama ukuta wenye tundu.

"Nilianguka shimoni, kwa mama," Baba alisema.

"Shimoni?" Karani akanigeukia, akatabasamu. Watu wazima wanajua watoto wanasemaga kweli. "Eti, mama. Ulimwona baba yako akianguka?"

Mama alikuwa ameacha kuchambua maharage. Nilimtazama Baba, na mara ya kwanza nikaona kwamba yeye ndiye anayeniogopa mimi.

"Ndiyo," nilisema. "Aliteleza kwenye matete. Nilikuwepo."

Karani akaandika, akaondoka. Tangu siku ile sikulipaka mafuta tena lile dude la kigingini, na hakuna aliyenikumbusha. Msidhani Baba aliacha kazi. Mkono ulipona ukiwa umepinda, hivyo akajifunza kuchapa kwa kushoto, na aliendelea kuchapa watu mpaka alipostaafishwa. Lakini ile karatasi ya mdogo wake hakuipeleka popote. Mama aliikuta ndani ya koti lake la kaki alipokufa. Bibi aliendelea kufinyanga. Aliacha kabisa kusimulia habari za mwanamke wa shimoni. Alifariki hajamwona tena Anania.

Miaka ikapita. Nilisoma, nikawa mwalimu, bendera ikiwa bado ya Mwingereza. Likizo yangu ya kwanza nilipata fununu kutoka kwa mtu wa Uwemba: mwanamke aliyeletwa mgongoni, akalala misheni wiki nyingi, kisha mumewe akamchukua kuelekea Upangwa. Nilipanda lori la mbao, nikatembea siku nzima milimani, nikafika kijiji cha Mawengi, hukohuko Upangwa, mchana. Waliponionyesha nyumba, nilimkuta Rahel ndani, amepiga magoti anasiriba sakafu kwa udongo na samadi, mkono unazunguka, unazunguka. Alinitambua mara moja. Alicheka kicheko chake cha kujizuia, na pengo likaonekana. Akaniambia niketi kizingitini, sakafu bado mbichi.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Alipogeuka kuendelea na kazi nikayasema, nikimtazama shavu la kushoto. "Mama mdogo, naomba unisamehe. Ni mimi niliyesema. Nilidhani una njaa." Nilisema na mengine mengi, nikilia. Hakugeuka. Mkono wake haukusita hata mara moja.

Nyuma yangu akaja msichana mrefu wa miaka kama kumi na mitano, ndoo kichwani. Alikuwa na paji la uso la Bibi.

"Huko hasikii, dada," akaniambia. "Zunguka huku."

"Tangu lini?"

"Mimi nimezaliwa nimemkuta hivyo."

Nikazunguka nyumba kwa nje, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapiga magoti upande wake wa kulia, nikayarudia yote. Yalikuwa machache safari hii. Rahel alisikiliza, anafinyafinya udongo kati ya vidole.

"Ulikuwa na umri gani?" akaniuliza.

"Labda minane."

"Mimi nilikuwa sijafika kumi na nane," alisema.

Kisha akasogea, akaniachia nusu ya sakafu. Nikavua viatu vyangu vya ualimu, nikapandisha mikono ya gauni, nikaanza kusiriba.